Maji ya Barafu hutoka Karanga: miaka yangu ya kuandikia tovuti ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani

Jioni moja ya Julai 2019, kwenye hoteli moja hapa Moshi, kaka yangu alikuwa amekaa na wageni wawili akiwaeleza safari yao ya kesho ya kupanda Kilimanjaro. Mtu na mke wake, Wajerumani, wote wameshapita miaka 60. Amewatandazia ramani mezani: asubuhi tunaandikishwa geti la Machame, tunapita msituni, jioni tunafika kambini na mahema mtayakuta yameshasimamishwa. Yule mama akainua uso. Mahema? Akafungua mkoba, akatoa karatasi. Alikuwa amechapa ukurasa wa tovuti yetu na sentensi moja ameipigia mstari kwa wino wa kijani, inayosema kwamba kwa njia ya Machame wageni hulala kwenye vibanda vya mbao, kila mtu na kitanda chake.

Aliyekaa Moshi hata miezi mitatu anajua vibanda viko njia ya Marangu. Mandara, Horombo, Kibo, basi. Njia nyingine zote unalala hemani. Mama yule alikuwa na mgongo unaomsumbua, na katika kampuni zote alizozipitia alituchagua sisi kwa ajili ya sentensi ile.

Kaka alinipigia saa tatu usiku. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Hii ya vibanda Machame nani kaandika?" Nikanyamaza. Aliyeiandika ni kijana mmoja niliyempata mtandaoni, nilimlipa shilingi 15,000. Aliyeipandisha kwenye tovuti bila kuisoma hadi mwisho ni mimi.

Usiku ule ule tukaanza kuhangaika kuwahamishia Marangu. Kibali, gari, nafasi za kulala, usiku mmoja wa ziada hotelini, posho ya watu waliokuwa wameshapangwa Machame. Ilitutoka zaidi ya dola 400, na hatukumdai mgeni hata senti. Walifika kileleni wote wawili, wakatuandikia maneno mazuri kuliko tulivyostahili. Nilipoyasoma nililia chooni, ofisini, maana nyumbani ningeulizwa.

Nimekuja kuyaandika haya kwa sababu napokea ujumbe kutoka kwa watu wenye biashara ndogo, wa utalii na wasio wa utalii, wakiniuliza swali lile lile: makala mpya za tovuti unazipata wapi, na bei yake ni kiasi gani? Nami huwa nacheka kidogo kabla ya kujibu, kwa sababu swali hilo la bei ndilo lililoniponza.

Kaka alianza kama mgumu. Ndivyo wapagazi wanavyoitana kule mlimani, wagumu, na jina linawastahili. Akawa msaidizi wa kiongozi, akawa kiongozi mwenyewe, na 2014 akafungua kampuni: chumba kimoja, stoo ya mahema, na uwanja wa nyuma wenye kamba za kuanikia. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja Arusha. Aliniita 2018 nije nishike ofisi, "na hiyo tovuti uiangalie," kama mtu anavyosema na hiyo taa ya nje uibadilishe.

Tovuti ilikuwa na kurasa sita. Bei za 2015. Juu kabisa, picha kubwa ya tembo wanatembea na mlima umejaa nyuma yao. Picha nzuri mno, ila imepigwa Amboseli, Kenya. Sisi Watanzania kila siku tunalalamika kwamba dunia inadhani Kilimanjaro iko Kenya, na kumbe tulikuwa tumeibandika Kenya wenyewe mlangoni. Tena haikuwa picha yetu. Mwenyewe alituandikia barua pepe ya upole sana akidai euro 300, na tulilipa kwa awamu mbili. Tangu hapo sijaweka picha nisiyojua imepigwa na nani, na mgumu nikimpiga picha namwonyesha kwanza na kumwomba ruhusa.

Aliyenishauri wakati huo, mtu anayejiita mtaalamu wa masoko ya mtandaoni, alisema Google inapenda tovuti inayoongezewa kitu kila wiki. Weka makala tatu kwa wiki, alisema, utaona. Nikapiga hesabu: siwezi kuandika tatu kwa wiki na huku nikijibu wageni na kulipa watu. Nikatafuta kijana. Tukapatana 15,000 kwa makala moja, nikaagiza 40 kwa mkupuo. 600,000 ikatoka, na nilijiona mjanja kweli kweli.

Baada ya wale Wajerumani nilikaa siku nne nikizisoma zote 40, peke yangu, kalamu nyekundu mkononi. Moja ilimpandisha mgeni kwa njia ya Mweka, ambayo ni ya kushukia tu. Nyingine iliianzisha Rongai Arusha, wakati Rongai inaanzia kaskazini karibu na mpaka wa Kenya. Moja ilimwambia mgeni Aprili ni mwezi mzuri kwa sababu "hali ya hewa ni tulivu". Aprili! Masika yenyewe! Kijana sikumlaumu sana. Hajawahi kufika Moshi, na kwa 15,000 alifanya ambacho 15,000 inaweza kufanya: alisoma tovuti za wengine, akazichanganya, akabadilisha maneno. Nilichonunua ni uvumi uliopigwa pasi. Nilifuta 29, na zile 11 zilizobaki nilizirekebisha moja moja kwa kumsomea kaka kwa Kiswahili huku yeye anafunga viatu.

Ungedhani nimejifunza. Sikujifunza. Nilichokielewa wakati huo ni kwamba niandike mwenyewe, lakini ile kanuni ya tatu kwa wiki niliendelea kuishika kama dozi ya hospitali. Mwanzoni mwa 2020 nilikuwa naandika usiku, watoto wamelala. Vitu kumi vya kufanya ukiwa Moshi. Historia ya kahawa ya Uchagani. Maana ya neno Kilimanjaro. Idadi ya wasomaji ikapanda kweli, nikawa naamka naangalia mchoro kwenye simu kabla ya kupiga mswaki. Makala ya kahawa peke yake ilizidi kurasa zote za safari. Hadi siku kaka aliponiuliza, bila ubaya wowote, "Hawa wa kahawa wamebuku wangapi?"

Hakuna. Walikuwa wanafunzi wanaofanya kazi zao za shule.

Kisha korona. Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nje zikakoma, uwanja wa ndege wa KIA ukawa kimya, wagumu wakarudi mashambani kwao kulima mahindi. Sikuwa na mgeni wa kumjibu wala nguvu ya kuandika. Nilichofanya, kwa kukosa kazi tu, nilichukua kaunta buku, nikafungua barua pepe za maulizo za miaka minne nyuma, nikaanza kuandika kila swali mgeni aliloliuliza. Swali likijirudia naweka kijiti pembeni, kama tunavyohesabu mahema. WhatsApp vilevile. Ilinichukua karibu wiki tatu.

Hakuna aliyeuliza kuhusu kahawa. Vijiti vilivyojaa hadi vikavuka mstari vilikuwa vya choo.

Vyoo vikoje? Ni vya kukaa au vya kuchuchumaa? Usiku inakuwaje? Mwanamke akiwa kwenye siku zake anafanyaje? Baada ya choo ikafuata bakshishi, nani apewe na kiasi gani. Kisha kichwa kuuma na mlima "kumkamata" mtu. Kisha baridi. Kisha wagumu: wanabeba kilo ngapi, wanakula nini, wanalala wapi. Na tovuti yetu yenye kurasa lukuki ilikuwa haijibu hata moja kwa ukamilifu.

Kama unaendesha biashara na utachukua jambo moja tu hapa, chukua hilo kaunta buku. Duka la vipuri, kliniki ya meno, fundi wa makochi, haijalishi. Maswali unayojibu kwa mdomo kila siku hadi unayachoka ndiyo makala zako. Kuchoka kwenyewe ndiyo dalili.

Ile ya choo ilileta ugomvi. Kaka hakutaka. "Utanifukuzia wateja, wenzetu wanaweka picha za machweo sisi tunaweka choo." Nami nilikuwa na vijiti vyangu. Tulinuniana siku mbili. Mwishowe mke wake ndiye aliyeamua: aliniambia niandike, kama wageni wanauliza basi wanataka kujua. Nikaandika kila kitu kilivyo. Kwamba vyoo vya kambini vingi ni vya shimo, vingine ni visafi na vingine jioni ya msimu wa watu wengi havitamaniki. Kwamba tuna choo cha kubebeka chenye kihema chake, kinakodishwa, na kuna mtu mmoja kazi yake ni hicho, naye analipwa kwa hicho. Kwamba usiku wa baridi chupa yenye mdomo mpana si aibu. Kwamba karatasi ulizotumia njiani unashuka nazo.

Mei 2020 anga ikafunguliwa, wageni wakaanza kurudi mmoja mmoja, na wa kwanza kuandika baada ya kuusoma ukurasa ule alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi. Sentensi yake ya kwanza: ninyi ndio kampuni ya kwanza kunijibu bila kunidanganya. Kaka aliisoma mara mbili, akanirudishia simu, akasema, "Haya, andika na ya bakshishi."

Oktoba mwaka huo huo nikafundishwa neno "mpya" lina maana gani. Tarehe 11 moto ukawaka mlimani, eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Usiku, ukiwa mjini Moshi, ulikuwa unauona kwa macho mstari mwekundu juu gizani. Watu walitoka nje wakasimama barabarani wakitazama, hakuna anayeongea. Asubuhi sanduku langu la barua pepe limejaa: mlima umefungwa? Safari yangu ya Desemba ipo? Waongozaji wako wako salama?

Nilifungua ukurasa mmoja, mfupi, nikawa naongeza mistari michache asubuhi na jioni. Nini kimetangazwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, nini tumekiona sisi, tumekiona tukiwa wapi. Siku ya pili nikateleza. Kwenye kundi la WhatsApp mtu akaweka kwamba njia fulani imefungwa kabisa, nami nikaibandika bila kuuliza. Baada ya saa mbili kiongozi mwenzake kaka akapiga simu: hiyo si kweli, nimetoka huko sasa hivi. Nikaitoa, na nikaandika palepale kwamba nilikosea. Tangu hapo kila mstari wa dharura nauwekea saa na aliyeona. Moto mwingine ulipotokea Oktoba 2022, upande wa Karanga, utaratibu ulikuwa tayari, sikuhangaika.

Ukurasa ule wa moto haukuwa na hata maneno 400. Ulitutunzia safari za Desemba ambazo kwa mwaka ule wa njaa kila moja ilikuwa ada ya mtoto wa mtu.

Kosa linalofuata naona haya kulisema, ila ndilo ninaloliona kwa wengi. Mwaka 2021 nilisikia kwamba ukurasa wenye tarehe ya karibuni unapendwa zaidi. Nikaweka programu ndogo inayobadilisha tarehe yenyewe, kila ukurasa ukawa "umehuishwa wiki hii". Sikugusa neno hata moja ndani. Agosti akaja mgeni kutoka Kanada. Tulipokagua mizigo yake ofisini akatoa furushi la mifuko ya plastiki, ile ya dukani, kama 30 hivi, imekunjwa vizuri. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Tukamuuliza, mama, hii ya nini? "Orodha yenu ya vifaa imesema nije nayo ya kufungia nguo zisilowe. Imehuishwa wiki iliyopita."

Alicheka yeye, tukacheka sisi, lakini kwenye maoni yake aliyotuandikia baadaye ile mifuko haikukosa kutajwa. Jioni ile niliing'oa programu.

Sasa nina daftari jingine, la kurasa. Kila ukurasa una mstari wake: unasema nini kinachoweza kuchakaa, na lini niuangalie tena. Bei nimeziweka mahali pamoja tu, kurasa nyingine zinaelekeza pale, kwa sababu ada za hifadhi zikibadilika na wewe una bei kwenye kurasa 17 utasahau mbili, na mgeni atashika hizo hizo mbili. Orodha ya vifaa naisoma na wagumu wawili kabla ya kila msimu. Kuhuisha kurasa kumi za zamani kumenilipa kuliko kuandika kumi mpya, na kwa kweli ni kazi inayochosha zaidi kwa sababu hakuna raha ya kumaliza.

Msimu nao una hesabu yake. Mgeni wa Julai na Agosti hapangi Juni. Wengi wa kwetu huanza kuuliza miezi sita au zaidi kabla. Kwa hiyo habari za kiangazi lazima ziwe zimekaa mtandaoni Krismasi, wakati mwenyewe huna hamu ya kufikiria kiangazi na mbuzi yuko jikoni. Miaka miwili nilikuwa naandika Juni kuhusu Julai na kushangaa.

Nije kwenye ile iliyonipa jina la andiko hili. Mapema 2022, wamerudi na kundi la siku saba, uwanja wa nyuma mahema yameanikwa yanachuruzika tope la Mweka, harufu ya mafuta ya taa na jasho. Wagumu wanasubiri malipo. Mpishi wetu amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anakula mtori. Mtu mzima, mkimya, amepanda mlima huu tangu hajaoa. Nilikuwa nimemaliza maswali ya vijiti, nahofia sina tena cha kuandika. Nikamuuliza tu, kwa kujaza muda, mgeni gani alikuudhi safari hii.

"Hawaudhi," akasema. "Ila huyu mmoja alimwaga chai Barafu."

Barafu ni kambi ya mwisho kabla ya kilele. Nikangoja.

"Barafu hakuna maji."

Sikuwa najua. Miaka minne naandika kuhusu mlima huu, na sikuwa najua. Akanieleza taratibu, kijiko kinakwenda na kurudi. Ukitokea njia ya Machame au ya Lemosho, maji ya mwisho yako bonde la Karanga. Kambi ya Karanga iko juu ya bonde, mita 3,995, kijito kiko chini, kwa hiyo mgumu anashuka kuteka kisha anapanda. Na kesho yake maji yote yatakayotumika Barafu, mita 4,673, ya supu, ya chai, ya chupa za wageni za usiku wa kileleni, yanapandishwa na watu kutoka Karanga. "Mgeni anaona kikombe," akasema, "mimi naona shingo ya mtu."

Nilikuwa nimeshatoa simu narekodi. Usiku niliandika bila kutia chumvi yoyote, kwa Kiingereza kwa sababu wageni wetu wengi wanasoma hicho, na shingo ya mtu niliiacha kama alivyoisema. Nikamweka kwenye ukurasa, kwamba haya ni maneno ya mpishi wetu, na picha ya mikono yake kwa sababu uso alikataa. Hakuna ukurasa mwingine wetu ambao wageni wanautaja kwenye barua zao kama huo. Wanaandika: sisi hatutamwaga chai. Na kilichonishangaza, wengi wameacha kuomba safari ya siku tano za haraka haraka. Walishaelewa kambi ni kazi ya watu, hawataki kuwakimbiza.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikitafuta makala mezani na kwa vijana wa 15,000, nazo zilikuwa zimekaa juu ya ndoo uwanja wa nyuma zikila mtori. Siku hizi kundi likishuka nakaa nao nusu saa. Siulizi "safari ilikuwaje", kwa sababu jibu lake ni "nzuri". Nauliza kitu kidogo: nini kilivunjika, nani alirudi na kwa nini, mgeni aliuliza nini usiku, njiani pamebadilika wapi. Nawalipa kwa muda huo, si kikubwa, 10,000 na chakula. Mwanzoni sikuwa nawalipa, nikadhani ni maongezi tu. Mmoja wao akaniambia wazi, "Dada, wewe unayauza haya." Alikuwa sahihi.

Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilipozindua intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720, kazi ikarahisika. Naweza kupokea sauti kutoka mlimani jioni ile ile: leo mvua tangu saa sita, theluji imeshuka hadi hapa. Siyo kila njia kuna mtandao, na betri kwenye baridi hufa haraka. Waongozaji wanalala na simu ndani ya begi la kulalia. Lakini mistari mitatu ya leo kutoka Horombo ina nguvu kuliko kurasa tatu nilizotunga Moshi.

Akili mnemba? Ndiyo, nilijaribu, nani hakujaribu. Mapema 2023 nilikaa jioni moja nikatoa makala 20, Kiingereza kimenyooka kuliko changu. Nilijisikia vile vile nilivyojisikia siku ya 600,000. Bahati nzuri safari hii nilisoma kabla ya kupandisha. Mambo mengi yalikuwa sahihi, na yote yalikuwa yameshaandikwa na kila mtu. Hakukuwa na shingo ya mtu hata moja. Na kwenye moja, nakuapia, vibanda vya Machame vilikuwa vimerudi. Sikuweka hata moja. Machi 2024 Google ilipotangaza kwamba itazibana kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kukamata utafutaji, nilikuwa jikoni na sikushtuka. Bado naitumia kunyoosha Kiingereza changu, nikishaandika mimi, na kila tarakimu naihakiki upya ikirudi, maana ina tabia ya kuboresha hata tarakimu.

Kitu nilichochelewa kukiona kabisa ni lugha. Tovuti nzima ilikuwa Kiingereza. Mwaka 2023 binti mmoja wa Dar alipiga simu, anatafuta kundi la kupanda tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, ambapo Watanzania wengi hupenda kuwa kileleni. Akaniambia ametafuta kwa Kiswahili hadi amechoka: nivae nini, Mtanzania analipa kiasi gani, naweza kukodi viatu? Nikampa majibu kwa simu, na nikakata nikiwa nimeshika kichwa. Ukurasa wa Kiswahili niliuandika siku moja, kwa sababu ndiyo lugha ninayoiota. Ada kwa raia kwa shilingi, koti la baridi unaweza kulipata mitumba Kiborloni hapa Moshi, Desemba vuli inaweza kuwa haijaisha kwa hiyo koti la mvua si anasa. Faida kwa kila mtu ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje. Lakini wanakuja kundi, wanakuja miezi ambayo wa nje hawaji, na wakipanda wanaimba.

Gharama zote nikizijumlisha kwa uaminifu: ile 600,000, zile dola 400 na ushee, euro 300 za picha, mtaalamu wa tatu-kwa-wiki, na usiku mwingi. Kwa sasa natumia kama asubuhi mbili kwa wiki. Naandika ukurasa mmoja mpya kwa mwezi, mwezi mwingine hakuna kabisa. Picha nazipunguza ukubwa kabla ya kuzipandisha, kwa sababu zamani niliweka zenye MB nne nne na mgeni mwenye mtandao mbovu alikuwa anaondoka kabla mlima haujafunguka. Mara moja kwa mwezi naingia Search Console, chombo cha Google, ni bure, kuona watu wameandika maneno gani hadi wakatufikia, nayahamishia kwenye kaunta buku. Sasa ni la tatu.

Wiki iliyopita mpishi alikuja kuchukua malipo yake. Mwanawe wa kidato cha tatu amemtafsiria ule ukurasa wa maji, wote, kwa mara ya kwanza. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umeandika ndoo ya lita 20."

Nikasema ndiyo, wewe ulisema lita 20.

"Nilisema dumu mbili. Za kumi kumi. Lita 20 kwenye ndoo moja nani atapanda nayo Barafu?"

Nikaitafuta ile sauti ya 2022. Nikaisikiliza. Alikuwa amesema dumu mbili. Nikavuta kiti, nikafungua kompyuta, naye akaketi pembeni, akiniangalia hadi nilipomaliza kurekebisha.